Cherehani Niliyoikana

Siku gogo liliponiangukia mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilikuwa karani katika kiwanda cha kupasua mbao, juu kule msituni kwenye njia ya Molo, na kazi yangu ilikuwa kupima magogo yanapoteremshwa na kuandika urefu na unene wake. Nilikuwa nimefika sekondari, jambo ambalo siku hizo liliwafanya watu wakuite bwana kabla hawajajua jina lako. Ardhi ilikuwa tope tupu. Gogo moja likateleza kutoka kwenye kitoroli, na mimi nilikuwa nimeinama na kamba yangu ya kupimia. Wenzangu walipiga kelele. Nilisikia, lakini sikujua kelele zilikuwa za nani.

Nililala hospitali ya Nakuru miezi mingi. Goti la kulia lilishika vibaya, na tangu hapo halijawahi kukunjika. Nilipotoka, kiwanda hakikuwa na haja ya karani asiyeweza kupanda juu ya magogo, nami nikapanga chumba kimoja mtaa wa Bondeni na mke wangu. Mtoto wetu tulimwacha nyumbani kwa mama yangu, huko magharibi, kwa sababu Nakuru hatukuwa na cha kumlisha.

Sheria ya wakati ule ilikuwa kwamba mtu aliyeumia kazini apewe nusu ya mshahara wake mpaka daktari aseme amepona, au aseme hatapona kamwe. Akisema hatapona, unalipwa fungu moja na mambo yamekwisha. Daktari wangu hakusema hili wala lile. Kila alipoutazama mguu aliguna, akaniambia nirudi baadaye. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilikokota mguu mpaka ofisi ya leba, ya serikali ya mambo ya kazi, nikaketi kwenye benchi na wenzangu walioumia. Karani wa pale, kijana Mwafrika mwenye miwani, aliuliza kila mtu kama anafanya kazi yoyote. Ukijibu hapana, unaweka sahihi, unapewa.

Nilizoeana pale na mzee mmoja aliyepoteza vidole kwenye mashine ya mkonge. Alikuwa ameshalipwa fungu lake, lakini bado alikuja kupiga soga, na alipenda mzaha.

"Karani, wewe una mali," aliniambia mara moja. "Vidole vyangu daktari ameshavitajia bei, vimeuzwa, vimekwisha. Mguu wako bado uko sokoni."

Nusu mshahara ilitosha kodi na unga, ikaishia hapo. Mke wangu ndiye aliyesema tununue cherehani. Alikuwa amejifunza kushona kwa akina mama wa misheni kabla sijamwoa, na alikuwa amesikia kuna fundi Mhindi anayefunga duka na kuhamia Nairobi. Nilikuwa na akiba kidogo ya kiwandani. Kilichopungua alikitoa yeye: alimtumia baba yake ujumbe auze ndama aliyempa alipoolewa. Ikaja cherehani ya miguu ya chuma, kuukuu lakini yenye sauti nzuri.

Tulipata nafasi kwenye veranda ya duka la nguo la Mhindi mwingine. Fundi aliyekuwa akishonea hapo kabla yetu alikuwa Mkikuyu, naye alichukuliwa na lori asubuhi moja pamoja na wengine wa mtaa wake. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipowakamata Wakikuyu ovyo. Mwenye duka hakupenda kumzungumzia. Alituonyesha tu mahali, palipokuwa bado na vipande vya uzi sakafuni.

Mimi nilitaka niwe fundi. Niliona aibu mke ashone barabarani na mume amekaa. Lakini cherehani ile ilitaka mguu wa kukanyaga, na wangu haukukunjika. Basi tukafanya hivi: mimi nilikaa kwenye kiti nikiwa nimenyoosha mguu pembeni, nikaongoza nguo kwa mikono, naye akakaa kwenye kigoda ubavuni mwangu, akakanyaga. Siku za kwanza tulivunja sindano ovyo, kwa sababu yeye hakujua ni lini nataka kusimama. Baadaye alijifunza kulisoma bega langu. Nikiliinua kidogo tu, mguu wake ulitulia. Hatukuhitaji kusemezana.

Watu walitucheka. Mwenye duka alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Nyinyi watu mbili mashini moja," alisema. "Kama ng'ombe ya jembe."

"Mmoja ana miguu, mwingine ana mikono, bwana," mke wangu alimjibu. "Wewe unavyo vyote na unashinda umesimama tu."

Mhindi alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo hakumsumbua mke wangu juu ya kodi ya veranda. Mimi alinisumbua.

Ukweli ni kwamba mke wangu alishona kunishinda. Mishono yangu ilipinda. Kwa hiyo polepole tukabadilishana: mimi nikakata, yeye akashona peke yake. Ila siku ambazo mguu haukuvimba nilirudi kwenye kile kiti, kwa sababu nilipenda tu kukaa pale. Tulishona kaptura za watoto wa shule, tukatia viraka suruali za watu wa reli. Ikifika saa sita mchana mguu wangu ulikuwa umejaa kama gunia, nikaenda kujilaza. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hivyo. Lakini tulikuwa tumeanza kusema kwamba mwaka ukiisha tutamleta mtoto.

Mzee wa mkonge alikuja kutuona pale, akaizunguka cherehani kama mtu anayetazama nyoka.

"Karani, wakikuona na hii wanakata malipo yako," aliniambia. "Kuna mtu wa Njoro alionekana amebeba debe la maji. Walimkata siku hiyo hiyo."

Nilimwamini. Kwa nini nilimwamini, mimi niliyesoma, mimi niliyekuwa nikiwasomea wenzangu wa kwenye benchi matangazo ya Kiingereza ukutani? Ningeweza kumuuliza yule karani. Lakini nilihofu kwamba nikiuliza, ataanza kunichunguza. Kwa hiyo kila mwezi niliendelea kusema hapana, na kila mwezi neno hilo lilizidi kuwa jepesi mdomoni.

Siku waliyokuja ilikuwa asubuhi nzuri. Afisa wa leba, Mzungu kijana, alikuwa akipita madukani kuuliza habari za waajiriwa, na karani mwenye miwani alikuwa nyuma yake. Mimi nilikuwa kitini, mikono yangu juu ya kaptura ya kaki, na mguu wa mke wangu ukikanyaga. Bega langu liliinuka lenyewe. Cherehani ikanyamaza.

"Wewe si yule wa goti?" karani aliuliza.

"Ndiye mimi, bwana."

"Na hii ni nini?"

"Cherehani ya kaka yangu," nikasema. "Mke wangu anamshonea. Mimi napunga upepo tu."

Sijui neno kaka lilitoka wapi haraka hivyo. Afisa aliuliza kwa Kiingereza nilichosema, na karani akamfasiria. Nilielewa kila neno lakini nikatazama chini kama mtu asiyejua lugha hiyo. Afisa hakuonekana kukasirika. Alisema kaka huyo akifika mjini apite ofisini aseme mwenyewe, wapate kuandika. Wakaenda duka la pili.

Mke wangu alikata uzi kwa meno. Alingoja mpaka wamepotea kabisa.

"Umemtaja kaka yupi?"

"Kaka mkubwa."

"Yule aliyeokoka?"

"Ndiyo."

"Heri ungemtaja mlevi," akasema.

Inanipasa nimweleze kaka yangu. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameokoka katika ule uamsho uliopita kwetu, na hakuokoka nusunusu kama wengine. Alimrudishia jirani jembe aliloiba akiwa kijana, jembe ambalo jirani mwenyewe alikuwa amelisahau. Alienda kwa chifu akaungama kodi ya kichwa aliyoikwepa, na chifu akamtoza. Watu wa kundi lake waliita hayo kutembea nuruni. Mimi nilijua yote haya, lakini nilijiambia kwamba nikimwita kwa shida atanisikia, kwa kuwa tumenyonya ziwa moja.

Nikamwandikia, akaja kwa gari la moshi na kuku wawili na mfuko wa karanga. Alikula, akanywa chai, akasikiliza habari yote bila kunikatiza.

"Kwa hiyo unataka niende kwa Mzungu nikaseme jambo ambalo si kweli," alisema.

"Ni maneno tu, kaka. Hakuna anayeumia."

"Mimi ninaumia."

"Usiponisaidia watanikata. Pengine watanifunga."

Kaka alipiga magoti kando ya kitanda, akakaa hapo muda mrefu hata nikasinzia. Asubuhi aliamka na uso mkunjufu.

"Nipe hiyo cherehani," alisema. "Iwe yangu kweli. Nikiwa nayo kweli, nitasema mbele ya mtu yeyote bila kigugumizi."

Nilifurahi. Niliona kaka yangu amepata ujanja mzuri kuliko wa wakili. Nikamwambia, "Nimekupa."

"Si hivyo. Na Mama hapo mlangoni naye aseme."

Mke wangu alikuwa mlangoni akipepeta karanga. "Ndama alikuwa wangu, shemeji," alisema.

"Najua. Ndiyo sababu nakuuliza."

Alinitazama. Nilimkonyeza, nikampa ishara kwamba ni kwa siku chache tu. Hadi leo naweza kuona jinsi alivyoweka ungo chini, akaja, akaweka kiganja juu ya kile chuma cheusi.

"Haya," alisema. "Imetolewa."

Kaka akaomba. Alimshukuru Mungu kwa zawadi, akatuombea sisi wawili tusiwe na moyo wa kurudi nyuma.

Ofisini mambo yalichukua muda mfupi. Aliulizwa, akasema cherehani ni yake, na kweli hakushikwa na kigugumizi. Afisa alimshika mkono. Tulipotoka nilijiona nimevuka mto, nikawapeleka wote wawili hotelini tukanywa chai na mandazi. Kaka alikula taratibu, akajifuta mikono.

"Gari langu ni kesho kutwa," alisema. "Tutaifungaje?"

"Kuifunga nini?"

"Cherehani."

Nilicheka, nikidhani amenitania. Mke wangu hakucheka.

"Kaka, si ulikuwa msaada tu?"

"Ikibaki hapa, mkashona ninyi na mkala ninyi, basi nilimdanganya yule kijana, na wewe ndiye uliyenisemesha. Mimi siitaki. Ni nzito, na mke wangu hajui kuikanyaga. Lakini kuna njia moja tu ya kuiacha. Twende wote watatu pale ofisini, useme uliyosema mwanzo hayakuwa kweli. Nitasimama kando yako. Nami nitasema sehemu yangu."

"Na wakinikata?"

"Watakukata ukiwa umesimama wima."

Kwa mtu wa goti langu, hayo yalikuwa maneno ya ajabu. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia nitafikiri.

Kesho yake nilienda ofisi ya leba peke yangu. Nilimkuta karani nje, akila mahindi ya kuchoma chini ya ukingo wa paa. Nikamsalimu, nikazungukazunguka, mwisho nikasema nina rafiki aliyeumia mguu, naye anafanya kazi yake mwenyewe, kidogo tu, ya kukaa.

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka saa sita. Baada ya hapo mguu unavimba."

"Basi aje aseme," alinijibu. "Tunatazama anachopata, tunapunguza kwenye malipo yake, kinachobaki anaendelea kupewa. Wako wengi wa hivyo."

"Hawamkati kabisa?"

"Anayekatwa ni anayeficha."

Alinitazama juu ya miwani. Mahindi aliyashika mkononi, hakuyauma. Nadhani alijua. Nadhani alikuwa akiningoja, na muda alioningojea ulitosha kabisa mtu kusema maneno machache. Cherehani ilikuwa bado iko chumbani kwetu. Kaka yangu alikuwa hajaondoka. Nilichotakiwa kusema ni kwamba rafiki huyo ni mimi.

"Nitamwambia," nikasema, nikaondoka.

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba niliogopa jela. Wengine niliwaambia niliogopa kukosa zile pesa. Hofu hizo zilikuwepo, siwezi kusema hazikuwepo. Lakini iliyonifunga mdomo ilikuwa aibu. Kijana yule alikuwa rika la wadogo zangu, na pengine hakusoma kunizidi. Angejua kwamba nilisikia Kiingereza chote siku ile nikajifanya mjinga. Angemwambia afisa wake. Nami nilikuwa nimezoea kuitwa bwana.

Nilipofika chumbani mke wangu aliuliza, "Umewaambia?"

"Sikumkuta mtu."

Alinyanyuka, akatafuta bisibisi. Aliifungua cherehani mwenyewe, kichwa mbali, miguu mbali. Alifuta mafuta, akazungusha blanketi kwenye kichwa na kukifunga kwa kamba ya katani. Kaka alikaa kitandani na Biblia yake, hakuisoma. Nilidhani amemaliza, kisha nikaona anatoa magauni yake msumarini na kuyakunja.

"Unaenda wapi?"

"Shemeji amesema hana mtu wa kuikanyaga."

"Mimi sikukuita, Mama," kaka alisema upesi. "Usije ukasema nilikuita."

"Hukuniita. Naenda kwa mtoto wangu. Cherehani ikiwa iko huko, nitaikanyaga."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe una nusu mshahara," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayegawa vyombo, hiki chako, hiki changu.

Stesheni kaka na hamali mmoja walibeba miguu ya chuma. Kichwa cha cherehani alikibeba mke wangu mwenyewe, na hakukubali mtu amshike mkono kupanda behewa la daraja la tatu. Askari walipita wakikagua pasi za watu. Aliniambia dirishani kwamba unga uko kwenye debe la nyuma, si la mbele, na nisiuache mguu ukaning'inia ninapolala. Gari likaondoka. Nilibaki pale mpaka wafagiaji walipofika.

Malipo yangu yaliendelea zaidi ya mwaka. Nilipaswa kujileta mwenyewe kila mwezi, kwa hiyo sikuweza kukaa nyumbani zaidi ya wiki chache kwa wakati mmoja, na nauli ilikula sehemu kubwa. Siku zilizobaki nililala chumbani nikisikiliza watu wa reli wakienda na kurudi kazini. Mwenye duka alimpa fundi mwingine ile veranda. Mzee wa mkonge alinihesabu kuwa mtu mwerevu, akawasimulia wageni wa benchi jinsi Karani alivyowapiga chenga watu wa leba. Sikumkanusha.

Mwishowe daktari alisema goti halitapona. Nikalipwa fungu langu, nikapanda gari la moshi na pesa nimezishonea ndani ya koti, nikiwa nimeshapanga maneno yote.

Nilimkuta mke wangu kwenye kibanda cha mabati karibu na kanisa. Alikuwa na kazi nyingi: sare za shule, magauni meupe ya akina mama wa kanisa, wasichana wawili wakijifunza kwake. Kaka yangu alikuwa amewaambia watu wote kwamba mashine ni yake na fundi ni shemeji yake, na hakuchukua hata senti, ila alishonewa suruali moja kila Krismasi. Mtoto wetu alikuwa akicheza na vitambaa chini ya meza. Alinisalimu vizuri, kama watoto wanavyofundishwa kuwasalimu wageni.

Nilimwambia mke wangu kwamba sasa nina pesa. Tutanunua cherehani nyingine, mpya, turudi Nakuru sote watatu. Nitamtafuta yule Mhindi, nitapata veranda.

Aliendelea kupima ukosi wa gauni kwa vidole.

"Na wakija kuuliza ni ya nani?"

"Nitasema ni yako."

"Uliulizwa mara moja," alisema. "Nilikuwa nimekaa hapo hapo kando yako."

Wale wasichana waliinamisha vichwa, wakajifanya hawasikii. Nilikaa nyumbani majuma mawili. Alinipikia, akanifulia, tukalala kitanda kimoja, tukazungumza mambo ya mvua na ada ya shule. Pesa zile nilimwachia sehemu kubwa, akazipokea, akawaezekea wazazi wangu nyumba. Kisha nikarudi Nakuru, nikapata kazi ya kupima magunia kwenye ghala moja la mahindi, kazi ya kukaa. Tuliendelea kuwa mume na mke kwa namna hiyo, wa Krismasi na likizo, mpaka alipofariki. Tulipata watoto wengine wawili. Hakuna hata mmoja wao aliyekulia nyumba moja nami.